Kiboko Wangu Abaki Mtoni

Alhamisi. Baridi ya mwezi wa saba imeshika Mumbuni tangu asubuhi, manyunyu yanaanguka polepole kama mtu anachekecha unga huko juu, na mimi nimekaa karibu na jiko la makaa na sweta mbili mwilini. Niko sawa. Naandika hivyo mapema kwa sababu wiki iliyopita nisingeweza kuandika hivyo.

Wanaofuata hii blogu wanajua mimi si mtu wa kukosa maneno. Nikiongea kwenye sherehe, wapishi huacha sufuria ziungue. Kuna siku niliongea kwenye mazishi kule Kithimani mpaka watu wakasahau, wakaanza kuulizana bibi harusi amekaa wapi. Shule niliachia darasa la saba, na si kwa ujinga. Walimu waliona wamemaliza vitu vya kunifundisha.

Halafu maneno yakakauka.

Nieleze. Mwende, binti ya kaka yangu mkubwa, ana ntheo Jumamosi hii. Kwa wale ambao si wa huku Ukambani, ntheo ndiyo siku upande wa kijana unaleta mbuzi nyumbani kwa msichana. Bila hao mbuzi, hata mkae pamoja mpaka mzeeke, kwetu huyo bado si bibi yako. Sasa kaka yangu ukimpa maikrofoni anaishika kama ameshika nyoka, kwa hivyo msemaji wa familia ni mimi. Na msemaji kazi yake ni kutoa stori moja ya maana, wageni wajue wamefika kwa watu.

Miaka yote stori yangu ilikuwa ya kiboko. Yule aliyenifuata kutoka mto Athi mpaka sokoni Kithimani, akasimama nje ya bucha kuningoja, nikamrudisha mtoni kwa kumwonyesha kitambulisho. Ni stori ya kweli kabisa, isipokuwa sehemu chache.

Mwezi uliopita tulikuwa Tala, kwa sherehe ya jamaa wengine. Nikainuka. Nikafika pale kiboko anasimama nje ya bucha, nikanyamaza kidogo, vile hunyamaza pale. Mama mmoja aliyekuwa amekaa na sahani mapajani, hata hakuinua kichwa.

"Halafu unatoa kitambulisho," akasema.

Watu walicheka sana. Lakini walikuwa wanacheka na yeye.

Mwende alikuwepo. Tukirudi nyumbani akanishika mkono, akasema, "Anko Mutinda, siku yangu utaongea wewe, sitaki mwingine. Lakini tafadhali, kiboko abaki mtoni."

Tangu hiyo siku nikawa naenda nyuma ya nyumba kutafuta stori mpya. Ninafunga macho, na anayekuja ni nani? Kiboko.

Niliogopa. Hiyo sijaambia mtu.

Mke wangu Syombua, ambaye huwa hanionei huruma, aliniambia shida yangu ni moja tu. "Wewe umeongea tangu tuoane. Hebu usikilize watu wengine kidogo." Basi nikaanza kusikiliza, na kama wewe pia umekauka, iwe ni nyimbo unatunga au ni mahubiri, nakuambia nilivyopata.

Kwanza kitabu. Jirani yetu, Mwalimu Nzioka, alinipa riwaya nene iliyotoka jalada, hata jina la kitabu halikuwepo. Inahusu mtu aliyerudi nyumbani akakuta mdogo wake ameuza shamba. Ninasoma polepole, kwa sababu mimi huheshimu vitabu. Mwandishi hakusema popote kwamba huyo mdogo ni mtu mbaya. Alimwonyesha tu akila nyama peke yake, amegeukia ukuta. Nilifunga kitabu nikatembea mpaka kwa mfereji na kurudi bila ndoo. Tafuta kitabu cha namna hiyo. Usiogope unene.

Muziki. Kinyozi wangu huko mjini ana benga za zamani za Kikamba kwa flashi. Sikiliza zile ambazo gitaa linaanza kulalamika kabla mwimbaji hajafungua mdomo, na usikilize ukiwa unapukusua mahindi, si ukiwa umekaa bure. Kuna moja ilinifanya nipukusue debe zima bila kujua. Sawa, nusu debe.

Filamu pia. Nenda duka la filamu uombe zile za vita zilizotafsiriwa na madijei. Niliona mwanajeshi anaruka kutoka kwenye ndege inayowaka moto, na dijei akasema jamaa amekumbuka mama mkwe amempikia muthokoi na unapoa. Nilirudisha nyuma nikaangalia tena. Huyo dijei anadanganya kuliko mimi. Nilimpa heshima yake.

Vyote vilikuwa vizuri, lakini stori ya Jumamosi haikuja. Nilikuwa kama mtu ameshiba chakula cha wengine.

Ndipo Jumanne Mwende akaleta ile michezo ya Wakorea, ile ya sehemu nyingi ambayo wasichana wote wanaangalia. Akaichomeka kwa TV ya mama yangu, kwa sababu yangu inaonyesha nusu ya juu tu, akaenda zake kwa fundi wa nguo. Nikabaki na Mwaitu. Hivyo ndivyo tunamwita mama yangu, yuko hapo kwa kochi lake anasuka kiondo. Macho yake hayasomi tena, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza.

"Mutinda," akasema, "hawa wanaongea nini?"

Nikaanza kumsomea. Wacha niseme ukweli wote leo. Yale maandishi yanakimbia kama kuku ameona kisu. Mimi macho yangu ni ya kuona mbali, ni macho ya mwindaji. Nilikuwa nashika sentensi moja, tatu zinanipita. Mwaitu anangoja. Sasa zile tatu nikawa najaza mwenyewe.

Yule mzee wa suti nikamfanya mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa aliyekalia malipo ya wakulima. Msichana wa koti refu nikamfanya mtoto wa mjane mwenye mahindi yaliyokauka. Kijana akasimama kwa mvua kando ya gari kubwa, simu sikioni, uso umekunjamana.

Mwaitu akaacha uzi. "Huyu anataka kumwoa. Mbuzi za ntheo zimepelekwa kwao?"

Ungefanya nini? "Ndio anauliza kama zimepakiwa," nikamwambia.

"Ni za rangi gani?"

"Za kahawia. Lakini moja iko na alama nyeupe kwenye paji."

Alifikiria kidogo. "Hiyo ni mbuzi nzuri," akasema, akarudi kwa kiondo chake.

Tuliendelea mpaka muthokoi wa Syombua ukaiva. Nikiwa nanawa mikono ndipo niligundua kitu. Jioni yote kiboko hakuja hata mara moja.

Jana Mwaitu alienda jumuiya. Wakati wa maombi, kila mtu akitaja mgonjwa wake, yeye akaombea msichana fulani wa mbali ambaye mbuzi zake ziko njiani, zifike salama. Wakamuuliza ni wa nani. Akawaambia, "Mutinda ndiye anajua habari zake."

Kwa hivyo leo mchana wamekuja akina mama watatu na viondo vyao, wakajipanga sebuleni bila kuuliza. Nikawasha TV. Na nikaongea. Sijui nilikuwa natoa wapi. Mwenyekiti aliangua kilio, nikasema wakulima wamefunga mlango wa kiwanda na yeye yuko ndani. Mama mmoja akasema, "Alie tu, na bado," mwingine akamwambia anyamaze asikie.

Mwende aliingia katikati, amebeba nguo zake za Jumamosi. Yeye hiyo michezo ameimaliza zamani. Akasimama mlangoni, macho yakawa makubwa.

"Anko, lakini hapo anamwambia..."

"Wewe," Mwaitu akamkata, "usituharibie. Kama unajua sana, si ungenisomea Jumanne?"

Mwende akakaa chini kwa mkeka. Mwanzoni nikamwona anauma midomo. Kijana alipoonekana tena kwa simu, nikasema pikapu imekwama kwa matope lakini mbuzi ya alama nyeupe imeshuka inasukuma, na Mwende akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa sweta.

Baadaye alinifuata nje kwa tangi la maji.

"Susu asijue," akasema, yaani nyanya yake, "lakini kwa ile ya kweli hawaoani. Kijana anapanda ndege, msichana anabaki hapo uwanjani."

Nikamuuliza nibadilishe? Nianze kuwaandaa akina mama polepole?

"Thubutu," akasema. Akafungua mfereji, akafunga. "Anko, Jumamosi nisomee mimi hivyo hivyo. Simama, uniangalie, useme unachoona. Uongeze chumvi yako, sikatai. Lakini iwe yangu."

Alirudi ndani nikabaki hapo na manyunyu kichwani. Na wallahi nikaanza kumwona. Mwende akiwa mdogo, anabishana na jogoo. Mwende akinifundisha kuandika hii blogu, ananipiga vidole nikikosea. Stori zilikuja nyingi mpaka nikazifukuza zingine. Nazo hazina mama wa Tala wa kunimalizia.

Jambo moja tu lilikuwa limebaki, na ndilo limenifanya niandike leo badala ya kungoja Jumapili.

Nimempigia simu msemaji wa upande wa kijana. Ni mzee mtaratibu, tunaheshimiana. Nimemwambia kila kitu kiko tayari, ila angalau mbuzi moja iwe na alama nyeupe kwenye paji.

Akauliza ni kwa nini, mbona hawakuambiwa tangu mwanzo.

Nikamwambia ni mila ya ukoo wetu, haijawahi kuvunjwa.

Ni kweli haijawahi kuvunjwa. Ilizaliwa Jumanne kwa kochi la Mwaitu. Na Jumamosi, ile pikapu ikifunguliwa, mimi sitakuwa naangalia mbuzi. Nitakuwa naangalia uso wa mama yangu.