Mganga Kamtaja Bibi, Nami Naficha Macho Yangu

Shikamoo Shangazi Agnetha. Naomba usitaje jina langu, hapa Rwamgasa tunajuana. Nipo kidato cha tatu na haya sijamwambia mtu. Kaka yangu Maduhu alikuwa anashuka duarani, yale mashimo ya dhahabu, kuchimba, sasa anaona kama anachungulia kwenye bomba, juzi kagonga nguzo mchana kweupe wenzake wakamcheka, "We Maduhu, asubuhi yote hii umeshalewa?", na wala hanywi. Daktari wa macho alisema huenda ni ugonjwa wa kurithi, akachukua damu yake wasome vinasaba, akaomba na yetu, mimi na wazazi, walinganishe, lakini baba kakimbilia kwa mganga, na mganga kasema mbaya wetu ni wa nyumbani, ana macho mekundu, na mwenye macho mekundu kwetu ni bibi tu, ni moshi wa kuni shangazi, moshi tu! Sasa baba wadogo wanasema, "Atoke kabla hajammaliza na binti." Binti ndiye mimi. Na kweli giza likianza kuingia sioni, nikiswaga ng'ombe nashika mkia wa ndama anifikishe zizini, watu wanadhani nacheza. Nikitoa damu nitaambiwa napofuka, na baba akijua, bibi kaisha. Si bora ninyamaze?

Marahaba mwanangu. Majina nimeyabadilisha, hata la kijiji. Pole sana, ila futa machozi, bibi yako yuko hatarini.

Hapana, usinyamaze. Unadhani unamlinda bibi, kumbe unamlinda mganga! Mzazi anaweza kuona vizuri kabisa na bado akabeba kasoro ya macho kwenye vinasaba, akampa mtoto bila kujua. Hakuna aliyeroga. Damu yako inaweza kusaidia kuonyesha hilo. Sikudanganyi, majibu huchelewa, mengine hayapatikani, na hayarudishi macho. Lakini kuogopa nako hakujakurudishia.

Bibi hawezi kusubiri maabara. Leo hii mwambie mwalimu wako wa malezi kila kitu, awaite ustawi wa jamii na polisi, bibi asilale hapo. Kisha mwambie Maduhu kuhusu macho yako. Anadhani yuko peke yake kwenye hilo bomba. Kliniki mwende pamoja.

Kwa mwalimu nenda na bibi mwenyewe. Jua likiwazamia njiani, huko hakuna ndama. Mshike bibi mkono, akuongoze, na watu waone.