Madebe Mawili ya Majivu

Jumatatu, 3 Juni 1974

Pampu imelala tena. Dizeli haijafika kutoka Dar, na dereva wa lori anasema hata huko ni foleni. Asubuhi nzima nimesimama mbele ya mashine nzima isiyo na ugonjwa wowote ila njaa. Wanawake wa mtaa wa Dunda wamerudi kwenye visima vya maji ya chumvichumvi, na kila anayepita ananitazama kana kwamba dizeli nimeinywa mimi. Mhandisi wa maji asiye na maji. Siku kama hizi najichukia.

Mchana imekuja barua ya Jumuiya ya Wahandisi. Wizara imelirudisha tamko letu la kuiomba serikali ijenge mtambo wa umeme wa nyuklia hapa pwani, kisa tumeandika Kiingereza. Wanataka Kiswahili. Kamati imeniteua mimi. Sababu waliyotoa: nimezaliwa hapa Bagamoyo. Kwani waliozaliwa bara ni mabubu?

Lakini nimefurahi, nisijidanganye. Umeme usiongojea lori. Nautaka kuliko wao wote.

Jumatano, 5 Juni

Maneno yananisumbua. Ile mashine yenyewe inayopika moto wa atomiki tuiite nini? Niliandika kinu. Zena, mke wangu, mwalimu wa shule ya msingi na hakimu wa kila ninachoandika, akasema watu watauliza mchi uko wapi. Nikafuta. Nikaandika tanuri. Hapa hakuna asiyejua tanuri la chokaa: unapanga kuni, unapanga matumbawe juu yake, unawasha. Tanuri la nyuklia. Limekaa vizuri.

Na kile kinachobaki baada ya moto? Kwa Kiingereza tuliandika taka. Taka ni neno la jalalani, linaichafua karatasi. Lakini kama kuna tanuri, kinachobaki si ni majivu? Nimecheka peke yangu kwa raha. Zena hakusema kitu. Alikuwa anasahihisha madaftari.

Jumamosi, 8 Juni

Dar, kikao cha kamati. Suti ya harusi imenibana kwapani.

Mwenyekiti wetu, Mhandisi Mbonde, alisoma rasimu yangu kwa sauti. Alipofika kwenye majivu akapiga meza kwa kiganja. Alisema hata bibi yake kijijini angeelewa. Mbonde si mtu mbaya. Ndiye aliyenipokea kazini nilipotoka chuoni na ndiye aliyenifundisha kusikiliza injini kabla ya kuifungua. Sifa yake kwangu ni sifa.

Alikuwepo pia mgeni wa kampuni inayouza mitambo hiyo, mzungu mpole, anatabasamu hata asipoelewa. Tulikula pilau yake. Baadaye Mbonde akanivuta kando: kuna nafasi ya masomo ng'ambo, mambo ya pampu kubwa za maji ya bahari, na jina langu limeshatajwa. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Kilichobaki ni wenyeji. Wizara inataka kujua wanasemaje, na eneo lililopendekezwa ni ufukwe wa Mapinga. Nikasema shangazi yangu analima Mapinga. Kamati nzima ikanigeukia kwa furaha.

Jumamosi, 15 Juni

Mkutano Mapinga. Watu wengi kuliko tulivyotazamia. Mbonde alieleza, mimi nikasaidia palipokwama. Mzee mmoja akauliza kama hili ndilo lile bomu. Mbonde alikuwa na jibu tayari, zuri, na la kweli: si bomu. Watu wakatulia.

Ndipo akasimama Shangazi Mwanaidi. Khanga mpya, nadhani kwa ajili yangu.

"Mimi nina swali moja tu, wanangu. Hayo majivu mtayatupa, au na sisi tutagawiwa? Maana mihogo yangu imechoka, na mchwa wamenimaliza."

"Mtapata, mama," akasema Mbonde. "Mtapata mpaka mchoke wenyewe."

Vigelegele. Wengine wakaanza kubishana nani agawiwe kwanza, wa karibu na ufukwe au wa karibu na barabara. Mgeni wa kampuni akauliza wanashangilia nini. Akaambiwa wamekubali.

Mimi nilikuwa kiti cha mbele. Sikusema kitu.

Jumatatu, 17 Juni

Mtapata, mama. Linanirudia kila nikikaa.

Nimemgombeza fundi wangu kwa spana iliyokuwa mfukoni mwangu mwenyewe. Nikamwomba radhi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 20 Juni

Nimekisoma tena kitabu cha kampuni, safari hii polepole, mpaka kurasa za nyuma zisizo na picha. Kinachobaki tanurini hakishikwi kwa mkono. Kinatolewa kwa mashine, kinazamishwa majini, kinafungiwa, kinalindwa. Kitalindwa mpaka lini? Sisi tulioko na wajukuu wetu hatutaiona siku hiyo. Kitawekwa wapi mwishowe? Kitabu kinasema wataalamu wanaendelea kutafuta.

Nilikuwa nayajua haya. Si kwa undani, mimi ni mtu wa maji, lakini nilikuwa nayajua. Neno lilikuwa zuri mno nikasahau kuliuliza swali.

Majivu ni moto uliokufa. Unayamwaga shambani, unasugulia sufuria, unahifadhia mbegu za kunde, mtoto anayachezea. Hiki hakijafa. Hiki ni kaa la moto, na kaa la moto humpi mtu alipeleke shambani.

Nimeipitia rasimu yote. Kila palipoandikwa majivu nimekata, nimeandika makaa yasiyozimika. Wino umekwisha katikati, nikamalizia kwa penseli nyekundu ya Zena. Inaonekana kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Nimeipeleka posta hivyohivyo.

Jumamosi, 22 Juni

Mbonde amekuja mwenyewe mpaka nyumbani. Petroli ilivyo adimu, nikajua mambo ni makubwa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema Mapinga wakisikia makaa yasiyozimika watatutoa mbio. Alisema wizara itaogopa, na ikishaogopa nchi hii itaendelea kuomba mafuta kwa watu. Akaniuliza tanki la hospitali lina maji? Halina. Wauguzi wanachota kwa nini? Kwa ndoo. Unautaka umeme, au huutaki? Nikasema nautaka. Akasema, basi?

Ana haki, hilo ndilo linaloniuma. Yote aliyosema ni kweli, isipokuwa neno moja, na neno hilo nilimpa mimi.

Kuhusu masomo ng'ambo alisema tu kwamba majina bado hayajapelekwa. Akanywa chai yake, bila sukari maana haipatikani, akamshukuru Zena, akaondoka.

Zena akaondoa vikombe. Akasema mwanafunzi akiandika majivu hapo, yeye anamkosesha. Nimekasirika kwamba hakusema mapema. Akasema hakuulizwa.

Silirudishi neno majivu. Nimeamua.

Jumanne, 25 Juni

Kondakta wa basi la Dar amenishushia mzigo kutoka Mapinga. Madebe mawili matupu. Yameoshwa, yameanikwa, na ubavuni jina la shangazi limeandikwa kwa mkaa, herufi kubwa za darasa la kisomo cha watu wazima. Pamoja na salamu: nimtengee ya mwanzo kabisa, kabla majirani hawajaamka.

Kondakta anasema bibi huyo kutwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza watu waukubali mtambo. Wanaosita anawaambia mwanawe ndiye aliyeandika.

Nimeyaweka madebe ofisini. Kila aingiaye anauliza ya nini.

Jumatano, 26 Juni

Nimekwenda Mapinga na madebe ya shangazi mkononi.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa furaha, akachungulia ndani ya madebe. Nikamweleza yote. Kwamba si majivu. Kwamba ni makaa, na hayazimiki, na hayagusiki, na hakuna anayejua yatakaa wapi. Alikuwa akipukuchua mahindi. Hakuacha kupukuchua.

"Siku ile ya mkutano ulikuwa ukijua?"

"Nilikuwa najua, shangazi."

Gunzi moja, gunzi la pili.

"Kwa hiyo umeniacha nisimame mbele za watu, na khanga yangu mpya, nikaomba sumu kwa adabu."

Nikaomba radhi. Akaniambia niyaweke madebe ukumbini. Nilipoaga hakuinuka. Tangu nizaliwe sijawahi kutoka kwa shangazi bila kusindikizwa. Nimetembea peke yangu mpaka barabarani, nimesimama kungoja basi kama mgeni. Afadhali angenipiga kwa gunzi.

Jumamosi, 29 Juni

Mkutano mkuu wa Jumuiya, Dar. Suti ileile.

Kwa kuwa niliandika mimi, nilipewa nisome mimi. Nikasoma. Nilipofika pale penye majivu nikasoma makaa yasiyozimika, kwa sauti, bila kuharakisha. Ukumbi ukachafuka. Mmoja akasema nahujumu maendeleo. Mwingine akasema Kiswahili hakijakomaa kwa mambo haya, ndiyo matatizo yake. Huyo nilimjibu vibaya na sijutii. Kiswahili kimekomaa, ndiyo maana kinatushika tukitaka kudanganya.

Nikasema nautaka mtambo. Nikasema nitaupigania nikiwa wa kwanza, siku tutakayoweza kumwambia mtu wa Mapinga makaa yatakaa wapi. Nikaomba sentensi hiyo tu iongezwe.

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Nimeshindwa, na si kwa kidogo. Majivu yamerudi. Nikaomba jina langu litolewe. Likatolewa. Masomo ng'ambo, kwaheri. Nilitaka sana kuziona hizo pampu, nikiri.

Jumamosi ijayo wanarudi Mapinga kuchukua alama za dole gumba za wenyeji. Mbonde alitangaza bila kunitazama. Nitakwenda. Nina shangazi kule, hakuna wa kunizuia.

Alhamisi, 4 Julai

Dizeli bado. Zena anakohoa. Nimemchemshia tangawizi, akasema kali mno. Watu wawili wa Jumuiya wamenipita sokoni leo wakajifanya wanachagua ndizi.

Sijabadilika. Naandika hapa ili nijikumbushe.

Jumamosi, 6 Julai

Mapinga.

Nilikaa nyuma kabisa, na wanakijiji. Mezani karatasi na kidau cha wino. Mbonde alikuwa amemaliza kueleza, watu wameanza kujipanga. Shangazi akatoka katikati ya wanawake na debe lake kichwani. Akalitua mezani, mbele ya Mbonde, juu ya karatasi.

"Shikamoo, mwenyekiti."

Akamwamkia mtu aliye mdogo kwake, watu wakaguna. Mbonde akachanganyikiwa. Akasema, "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa nisikilize. Mwanangu kaniambia si majivu, ni makaa yasiyozimika. Mimi si msomi. Yeye kasoma, na wewe ndiye mkubwa wake. Mkinijazia debe hili hayo mnayosema, nikatia mkono, nitautoa mzima?"

Mgeni wa kampuni akamwinamia mkalimani. Mbonde akalitazama debe. Akaniona kule nyuma. Tukatazamana. Namjua. Yule ni mtu aliyenifundisha kwamba injini huidanganyi.

"Hapana, mama," akasema. "Usitie mkono."

"Basi mtayaweka wapi?"

"Bado hatujajua."

"Haya. Mkijua, njooni. Tupo."

Akabeba debe lake. Mstari ukavunjika polepole, watu wanarudi mashambani, hakuna aliyetukana, hakuna aliyeshangilia. Wino ulibaki kidauni. Mbonde alizikunja karatasi mwenyewe. Aliponipita alinigusa bega. Sijui maana yake, na sitamwuliza.

Nilipoaga, shangazi alijitanda khanga. Ileile mpya. Akatoka na mimi. Hatukuongea njiani isipokuwa habari za mchwa. Alinisindikiza mpaka barabarani, akangoja na mimi mpaka basi likaja.

Jumanne, 9 Julai

Dizeli imefika asubuhi. Kidogo. Pampu imewaka, na tanki la hospitali limejaa nusu. Kesho sijui.

Jumuiya iko kimya. Nimeanza kuandika tamko jingine, langu mwenyewe. Linaomba umeme, na mstari wa kwanza unauliza makaa yatakaa wapi. Nitalipeleka kwa kamati, wakilirudisha nitalipeleka tena.

Jioni Zena alikuwa uani anasugua sufuria. Nikachota majivu mekoni, nikayafumba kiganjani. Ya baridi. Nikamwongezea kwenye kifuu chake, nikaingia ndani kuwasha taa ya chemli.