Chupa ya Plara Iliyopasukia Bwenini

Jumatatu, 3 Novemba

Taeng kapiga simu kutoka Bangkok. Dakika tatu tu — ana mitihani, ana hiki, ana kile. Amekonda! Nimemwona kwenye video, mashavu yameisha. Nikamwambia keshokutwa natuma boksi. Akasema sawa Mama, ila vitu vikavu tu. Plara hapana. Na nisiandike jina la kijiji juu ya boksi, namba yake ya simu inatosha.

Plara hapana! Miaka ishirini na miwili navundika samaki kwa chumvi na pumba mpaka wawe plara, mitungi yangu inajulikana mpaka Roi Et mjini, na mtoto niliyemzaa mwenyewe ananiambia plara hapana. Nikamuuliza kwa nini. Eti inanuka, wenzake bwenini chuoni si watu wa huku kaskazini-mashariki. Mume wangu Sawai akasema mtoto akikataa, mwache. Sawai huwa haongei siku nzima, akiongea ni kunikera.

Jumatano, 5 Novemba

Boksi limeondoka. Mchele wa kunata, nyama ya nyati iliyokaushwa, pilipili niliyoikaanga mpaka majirani wakapiga chafya. Sawai kaficha pakiti nzima ya senene chini ya mchele, anadhani sijaona.

Na chupa mbili za plara. Ndiyo, nimetia! Mtoto atakula saladi ya papai yenye sukari badala ya plara mpaka lini? Plara ya mwaka jana iliisha yote sokoni, nikachota kwenye mtungi wa mwezi uliopita. Nimejaza mpaka mdomoni, nimekaza vifuniko, nimezungushia plastiki mara saba isivuje. Karani wa vifurushi akadai anwani kamili ya mtumaji. Nikaandika kwa kalamu nene: Thongmuan, mama yake Taeng, kijiji cha Nong Khaen, Roi Et, na namba yangu ya simu. Ningefanyaje? Boksi haliwezi kutoka mbinguni.

Ijumaa, 7 Novemba

Jamani!

Kanipigia mama mlezi wa bweni. Anaongea taratibu, kwa heshima, ile heshima inayokata maini. Chupa moja imepasuka. Pale mapokezi, saa nane mchana, wasichana wamejaa wanachukua vifurushi vyao. Mlio kama wa tairi! Mchuzi ukaruka mpaka kwenye feni, feni ikawagawia wote. Nimeomba radhi mpaka nikaishiwa maneno.

Plara changa ina gesi. Mtoto yeyote hapa kijijini anajua. Mimi fundi nimeikaza kifuniko kama naifunga jela! Niliambiwa usitume, nikatuma. Sikio la kufa halisikii dawa.

Taeng hapokei simu.

Jumapili, 9 Novemba

Hapokei.

Jumanne, 11 Novemba

Ujumbe: "Niko salama Mama." Maneno matatu. Nimeyasoma mara thelathini. Nimelia jikoni, nikamwambia Sawai ni moshi. Akatazama jiko — halijawashwa — akaliwasha, Mungu ambariki kwa hilo. Nimemwaibisha mwanangu, na hasira zote nilizonazo ni za kujichukia mwenyewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Simu ngeni. Msichana anaitwa Praewa, analala chumba kimoja na Taeng, namba yangu kaikuta kwenye boksi. Sauti ya kitajiri lakini haina majivuno. Anasema chupa ya pili ilipona. Harufu ilipopungua, wasichana wakaanza kubisha hodi, mmoja mmoja, na mabakuli. Kumbe bweni limejaa watu wa huku kwetu! Mmoja yuko mwaka wa tatu na siku zote alijifanya hawezi pilipili. Plara imeisha, wanaomba nyingine. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Halafu akaniuliza, bila ubaya: "Mama, kumbe mko Roi Et? Taeng alituambia nyumbani ni Nonthaburi, kando ya Bangkok, na baba ana ofisi."

Baba ana ofisi. Baba nilikuwa namwona dirishani, amechutama anafunga miganda ya mpunga, suruali imechanika nyuma. Kumbe si harufu Taeng aliyokuwa anaikimbia. Ni sisi. Iliniuma, sitaki kudanganya humu ndani angalau.

Maana kwenye simu nilidanganya. Ulimi ulitangulia: ndiyo mwanangu, tunaishi Nonthaburi, huku ni kwa bibi yake, nimekuja kusaidia kuvuna. Praewa akafurahi. Basi chuo kikifungwa waje na Taeng kwa bibi! Ningesemaje? Mgeni hafukuzwi.

Jumapili, 16 Novemba

Taeng kapiga mwenyewe. Analia. Kaomba radhi, kisha kaniomba niendelee na uongo. Anasema wiki ya kwanza walimcheka lafudhi, mmoja akamuuliza kama ana dada anayetafuta kazi za ndani. Alichoka. Akasema Nonthaburi, siku hiyohiyo wakaacha. "Siku mbili tu, Mama. Sema nyumba ni ya Bibi." Nilitaka kumfokea. Nikamwona akilini yuko peke yake mle bwenini, mtoto wa miaka kumi na minane, hana hata wa kumtetea. Nikasema sawa.

Mama yangu, yaani huyo Bibi, tunaishi naye, ana miaka sabini na minane na meno manne. Nilipomweleza alifurahi kupita kiasi.

"Kwa hiyo nyumba ni yangu?" akasema. "Basi wewe mgeni, nenda kachote maji."

Tangu hapo ananituma kama kijakazi.

Alhamisi, 11 Desemba

Mazoezi. Sawai kavaa shati jeupe la harusi ya kaka yake, vifungo vinalia. Akauliza ofisi yake ni ya nini. Nikamwambia ya kawaida. Akauliza anafanya kazi gani huko. Nikamwambia anasaini. Jioni nzima kakaa anasaini hewani, Bibi anamletea karatasi za hewani, wanacheka wote wawili kama wendawazimu. Mimi pia nilicheka. Nilipolala haikunichekesha tena.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika jikoni, upesi. Praewa yuko bafuni, wengine nje.

Wamefika saa nne asubuhi. Taeng, Praewa, na msichana mrefu, Khim — nimeshanong'onezwa kuwa ndiye yule wa "dada anayetafuta kazi". Bibi kajikalia mkekani kama malkia. Mimi na viatu vya mjini, mkoba begani, kana kwamba naondoka na basi la saa sita. Sawai kasimama mikono mfukoni, kama nilivyomwelekeza.

Wasichana wakaunganisha viganja kifuani, wakainama kumsalimia. Mtu hasalimiwi hivyo akabaki na mikono mfukoni! Hilo sikulifikiria. Sawai akaitoa, akaiunganisha kifuani kuitikia. Mikono yote hadharani: kucha nyeusi, nyufa za mavuno, kidole kilichokatwa na mundu wiki jana kimefungwa kitambaa. Khim akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, ofisi ya baba ni ya nini.

Sawai akanitazama. Nikamtazama Bibi. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu iliishia pale mkekani. Taeng alikuwa amepauka. Nikafungua mdomo niseme lolote, mradi nimwokoe.

"Hana ofisi," Taeng akasema. "Baba analima. Hapa ni kwetu, nimezaliwa chumba kile. Mama anatengeneza plara, ndiyo inayonisomesha."

Akanivua mkoba begani akautundika msumarini. Bibi akalalamika kwamba amenyang'anywa nyumba. Praewa akaangua kicheko, akaja kunishika mkono, akauliza bafu liko wapi. Khim hakucheka. Akatoka nje, Taeng akamfuata.

Nawasikia sasa hivi, yeye na Taeng, nje karibu na dirisha. Taeng haongei Kibangkok chake cha kubana pua. Anaongea kama sisi. Anamwambia Khim, bila kupandisha sauti, kwamba akitaka kurudi, basi la jioni lipo, na Baba atamsindikiza mpaka kituoni.

Khim anamwomba radhi kwa lile neno la dada, anasema basi hilo halitaki.

Nimevua viatu, nimesimama na kalamu, siendi nje; hayo wayamalize wao wawili.