Watu Kumi na Mmoja wa Saa Nane Mchana

Sinema Progreso,
Azul.
Jumatano, 12 Agosti 1998

Mpendwa mdogo wangu Ulises,

Juzi Jumatatu, tarehe kumi, saa nne na robo asubuhi, nilinyang'anywa filamu. Ni ile ya kina dada wawili wa kiwanda cha matofali, uliyoiandikia uhakiki gazetini kwenu. Ilikuwa iendelee wiki ya pili. Haikufika.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ningeanza na salamu ningelia nikaiacha barua. Sasa pokea salamu zangu. Hujambo? Kifua kimepoa, au bado unavuta zile sigara zako? Mirta na ujauzito wake wanaendeleaje? Huku mimi ni mzima. Mama hajambo, ila goti linamsumbua kwa baridi hii. Asubuhi anakaa dirishani na kibuyu chake cha chai ya mate, anahesabu magari yanayopita. Kuhesabu kumo katika damu yetu. Ni wewe tu uliyejidai hukurithi.

Nikueleze ilivyokuwa. Filamu ikiingia Alhamisi, wasambazaji wanahesabu vichwa mpaka Jumapili. Ukumbi wangu unatakiwa ufikishe mia mbili themanini kwa siku hizo nne. Pungufu ya hapo, Jumatatu simu inalia. Alhamisi nilipata watu sitini na wanne. Ijumaa mia na kumi na wanane, hata don Evaristo, mwendesha mtambo wangu, akashuka kutoka chumbani kwake kuja kuwaona kwa macho yake. Jumamosi asubuhi basi likaleta gazeti lako. Jioni yake walikuja thelathini na saba. Jumapili ishirini na tisa. Jumla mia mbili arobaini na nane. Nilipungukiwa watu thelathini na wawili tu, Ulises. Ni safu mbili za viti.

Na Jumamosi yangu, kwa miaka kumi na moja tangu nishike funguo hizi, huizidi Ijumaa kwa nusu yake. Niliwatarajia mia na sabini na saba. Toa thelathini na saba uone umeniondolea wangapi.

Sikulaumu kwa kusema filamu haikukupendeza. Uliandika kwamba mwisho wake umevutwa mno, na kweli hata mimi pale nilianza kujisogeza kitini. Hiyo ni kazi yako na unaijua. Kilichoniua ni mstari wako wa mwisho: kwamba ukumbini mlikuwa watu kumi na mmoja, hivyo hadhira imekwisha kutoa hukumu yake.

Zulema wa duka la mikate aliusoma kwa sauti, foleni nzima ikisikia. "Nélida, shoga yangu! Kumi na mmoja kwenye mji mkubwa vile! Sisi huku unataka tuje kuvipasha viti moto?" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, nikachukua mkate wangu, nikatoka.

Jumatatu, baada ya ile simu, nilimpigia mkata tiketi wa ukumbi ulioingia wewe huko mjini. Saa nane mchana, Alhamisi, siku ya kazi, mvua inanyesha: watu kumi na mmoja, wewe ukiwamo. Saa kumi na moja, arobaini. Saa mbili usiku, tisini na sita. Saa nne, mia na thelathini na mmoja. Siku ile waliingia mia mbili sabini na wanane. Wewe uliwaona kumi na mmoja kwa kuwa kurasa za gazeti lenu zinafungwa jioni, ukawahi kwenda kuandika. Ulipopata hao, ukawaita hadhira.

Wakati wa Pasaka, mezani kwa Mama, nilikuuliza kwa nini wahakiki hamtazami idadi ya watu. Ukanijibu, huku unanyonya mfupa: "Dada, mhakiki akianza kutazama foleni, amekuwa mpiga debe." Nilikasirika, lakini nilipokuwa naosha vyombo nikaona una haki. Mimi nahesabu vichwa kwa sababu ndiyo riziki yangu. Wewe tazama filamu. Sasa mbona filamu zetu za hapa nchini zinapojaza watu idadi haikuhusu, na zinapokosa watu unaiandika kama hukumu ya mahakama? Amua. Kama unahesabu, hesabu siku nzima na ueleze ni saa ngapi. Kama huhesabu, funga mdomo kuhusu viti.

Ulises, naogopa. Sijakuandikia neno hili tangu Baba afariki. Nimeuza karanga za sukari kwenye mlango huu miaka kumi na tisa kabla haujawa wangu, na sikuogopa hata siku moja. Sasa simu ikilia nasitasita kuishika. Watu wakiingia siwezi kuwatazama usoni, nahesabu tu, hata kanisani nahesabu. Yule bwana wa wasambazaji aliniambia taratibu, kama daktari: "Doña Nélida, mbili zikianguka kwa kufuatana, tutakuwa tunakuletea mikanda baada ya miezi miwili." Nikamuuliza, nani atakuja kuiona wakati huo? "Hilo ni swali lako, mama, si langu." Ukumbi wa namna hiyo hauishi. Wa jirani zetu wa mji wa Olavarría sasa ni gereji.

Ya pili inaingia Alhamisi tarehe ishirini. Ni ile iliyotengenezwa na yule mama wa kutoka Mendoza, aliyeihangaikia miaka sita, nawe ndiye utakayeiandikia. Jumanne tarehe kumi na nane, saa saba mchana, lazima niwajibu wasambazaji. Nikiikubali ikaanguka, nimekwisha. Nikiikataa, ukumbi unalala giza wiki nzima, lakini siandikiwi anguko.

Sikuombi uisifu. Ukiisifu kwa ajili yangu nitajua, na nitaona haya mbele ya skrini yangu mwenyewe. Ukiiona mbovu, iseme mbovu kwa sababu zake.

Nisalimie Mirta, na mpapase tumbo kwa niaba yangu. Mama anakubusu. Don Evaristo anasema gazeti hilo hatafungia tena hata samaki, lakini anakusalimu. Mungu akulindie macho yako, ambayo sisi wote tumeyategemea kuliko unavyodhani.

Nijibu swali moja: siku ya ishirini, utahesabu tena viti vya saa nane mchana, ndiyo au hapana? Nipigie hapa ukumbini Jumanne kabla ya saa sita kamili mchana. Usinitumie maelezo. Neno moja linatosha.

Dada yako akupendaye, hata sasa,
Nélida