KIKAO CHA TISA: PICHA YA KATIBU, KONOKONO NA MSUMARI MMOJA

KIKUNDI CHA WACHORAJI WATAZAMAJI
Jumamosi, tarehe 14, chumba cha nyuma cha karakana ya Seremala. Kikao kilianza saa 4:10 asubuhi badala ya saa 3:30, kwa kuwa Katibu alisahau daftari la kumbukumbu akarudi nyumbani kulifuata.

WALIOHUDHURIA: Mwenyekiti (muuguzi mstaafu), Fundi Cherehani, Seremala, Katibu (mpima ardhi, mwandishi wa haya).
MWALIKWA: Mke wa Katibu, aliyeshika upande wa pili wa picha njiani.
ASIYEHUDHURIA: Mwalimu wa Hisabati, bila udhuru. Inasadikiwa bado amenuna tangu picha yake ya utando wa buibui ilipofananishwa na chandarua.

KUMB. NA. 1/9: MSUMARI
Mwenyekiti alieleza kwamba maktaba imekubali kutundika kazi moja ya kikundi karibu na mlango, kwa mwaka mzima. Msumari ni mmoja. Alikumbusha kanuni: mchoraji atazame kitu kimoja cha asili kila asubuhi kwa siku thelathini, akiandika na kuchora kwenye daftari lake, ndipo aguse rangi. Picha si lazima ifanane na alichokiona, ila lazima itokane nacho.

Ilielezwa kwamba Katibu anaomba nafasi ya kuonyesha picha yake hadharani kwa mara ya tano. Mara nne alikataliwa, na mara zote nne ni yeye aliyeandika sababu za kukataliwa kwake, kwa mwandiko mzuri. Safari hii alikuwa ameshawaambia wakwe.

KUMB. NA. 2/9: PICHA YA FUNDI CHEREHANI
Ilitokana na jani moja lililokauka dirishani kwake. Alitumia vitambaa, nta na majivu. Seremala alisema, "Hii inaendelea kukauka huku unaitazama." Katibu aliisifu pia. Alijikaza.

KUMB. NA. 3/9: PICHA YA KATIBU
Ilitokana na konokono wa ukuta wa veranda. Alitumia rangi, mchanga, nyuzi za gunia na magazeti yaliyobandikwa kwa gundi ya unga wa ngano. Wajumbe waliitazama kwa muda ambao Katibu aliuona mrefu. Seremala alisema katikati pamejaa mno, kama begi la msafiri. Lakini kona ya chini kushoto, penye mistari myembamba inayopinda na kupotea, iliwavuta wote karibu. Mwenyekiti alivaa miwani. Fundi Cherehani, ambaye hajawahi kumsifu Katibu tangu kikundi kianzishwe, aliuliza, "Hapa ulitumia chombo gani?"

Katibu alijibu kwamba ni mbinu yake binafsi.

Mke wa Katibu alikohoa. Mwenyekiti aliuliza kama anahitaji maji. Alijibu, "Sina kikohozi, dada. Baba watoto, waambie watu ukweli."

Katibu alieleza kwamba alianza kubandika magazeti kabla hata ya siku thelathini kuanza, kinyume cha kanuni aliyoiandika mwenyewe. Picha aliiegemeza verandani, uso ukutani, isiingie vumbi. Kisha kila asubuhi aliketi kwenye kigoda akimsubiri konokono kwenye ukuta ule ule, akaandika: "Hakuonekana." Siku ya thelathini na moja aligeuza picha na kumkuta humo, ameshiba gundi. Mistari yote ile ni njia alizopita akila. Katibu aliipaka vanishi na kutia sahihi yake.

Kikao kilicheka kwa takriban dakika nne. Seremala alipendekeza konokono apewe uanachama, kwani angalau yeye huhudhuria. Katibu alikiri kwamba aliona aibu, na kwamba aliutaka ule msumari kuliko alivyowahi kutaka kitu.

KUMB. NA. 4/9: DAFTARI
Mwenyekiti aliomba kuona daftari la kutazamia. Katibu alisita, akisema halina kitu. Mwenyekiti alilifungua hata hivyo. Kila ukurasa ulikuwa na neno "Hakuonekana", na chini yake ukuta mtupu kwa penseli: ufa, unyevu ulipofikia asubuhi hiyo, plasta ilivyobanduka tangu jana, kivuli cha kigoda. Kurasa thelathini. Mwenyekiti alizipitia zote, kisha akampa Fundi Cherehani, naye akazipitia tena.

Fundi Cherehani alisema, "Mimi naiondoa picha yangu. Andika hivyo, Katibu." Katibu ameandika hivyo.

ILIAMULIWA kwa kauli moja:
(a) Fundi Cherehani azishone pamoja kurasa za daftari, nazo zitundikwe maktaba.
(b) Picha irudishwe verandani, uso ukutani, konokono aimalize.

Katibu aliomba kikao kisimame kidogo kwa sababu hakuweza kuandika. Mkewe alimshikia kalamu.

KUMB. NA. 5/9: KUFUNGA
Hakukuwa na la ziada. Wajumbe walitawanyika saa 6:20 mchana. Picha ilibebwa na watu wanne.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi, wino umeloa)