Sauti ya Mjomba Ndani ya Gemu

Safina uko wapi? Mbona hupokei simu? Nimeharibu, mwenzangu. Nimeharibu kabisa.

Ile video yangu ya kwanza ya gemu la mpira, niliyoiweka YouTube jana. Nilihangaika na picha tu, nakata, naunganisha. Sauti sikuisikiliza hata kidogo, si unajua spika za ile kompyuta zimekufa.

Sasa nyuma ya utangazaji wangu anasikika mjomba Manirambona! Yule kaka yake mama aliyekimbia Burundi akapitia mpakani Nyabibuye, tunayemficha hapa nyumbani. Anamwambia mama, wazi kabisa, "Wasijue niko Kasulu. Wakijua wamenimaliza."

Wakijua wamenimaliza, Safina! Na mimi hapo nashangilia goli!

Nimejuaje? Kuna mtu nisiyemfahamu kaandika chini ya video, "Hiyo sauti ya Manirambona. Kumbe yuko Kasulu?"

Kumbe yuko Kasulu!!

Nimeifuta. Lakini huyo ameshasikia.

Nikaenda kumwambia mjomba mwenyewe. Mama akapiga yowe. Mjomba hakunigombeza, aliuliza tu, "Ameandika jina langu?" Nikasema ndiyo. Akaanza kukunja shuka lake.

Ameondoka sasa hivi kwa bodaboda, hata ugali hakuumaliza. Alinishika kichwa akasema, "Mwana wanje, mwanangu, usilie. Ila usiniulize naenda wapi."

Mama amekaa mlangoni, hanisemeshi. Njoo, siwezi kukaa naye peke yangu.

Na ukishasoma hii, ifute.