Fulana ya Msiba wa Ramiro

Boyle Heights, Los Angeles
Jumapili, baada ya misa

Kwako kaka yangu Eliseo,

Salamu nyingi zikufikie huko Tijuana. Natumaini mgongo umepoa na mwenye nyumba wako ameacha kelele zake. Sisi huku hatujambo. Watoto wanakua, mbwa wako kazeeka ila bado anambwekea mtu wa posta, na mimi ni mzima. Tangu jana nina furaha ambayo padri asingeipenda. Kaa kitako nikueleze.

Ramiro unamjua, wewe ndiye uliyemfundisha kushika brashi, na yeye ndiye aliyekushikia ngazi ulipomchora mama kwenye ukuta wa dobi. Tangu watu wa uhamiaji wakuvushe mpaka, akawa anajiita mwenye mchoro ule. Kisha akaanza kuuchapa kwenye fulana. Mama yetu, kaka! Alimvalisha miwani myeusi, akamfunga kitambaa mdomoni kama mtu anayekwenda kupora benki, na chini ya shali, pale ulipoandika jina lako, akaweka lake. Mama ambaye hakutoka hata mlangoni bila kuchana nywele, aliyeshona magauni ya harusi ya nusu ya mtaa huu! Mara ya kwanza nilimwona kifuani kwa mtalii mmoja, aiskrimu inamdondokea usoni. Nilikaa chini ukingoni mwa barabara.

Nilimwendea Ramiro kwa adabu. Nilimwomba amwondoe mama, au angalau arudishe jina lako. Alinicheka mbele ya wafanyakazi wake, akasema mchoro ni wa mtaa mzima, na kwamba wewe huko uliko huwezi kumshitaki hata kuku. Nilipokuandikia, ulinijibu nimwachie Mungu. Nilijaribu, kaka, naapa kwa Bikira nilijaribu. Ikashindikana.

Kazi yangu unaijua. Mtu akifa mtaani kwetu, kabla ya mazishi familia huniletea picha, nami nachapa fulana za msiba: sura ya marehemu mawinguni, njiwa huku na huku, jina kwa yale maandishi meusi ya kizamani, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Na watu wetu unawajua pia. Wakiiona fulana hiyo hawaulizi maswali. Wanapiga ishara ya msalaba, wanakwenda kuwasha jiko.

Jana Ramiro alikuwa anafungua duka lake jipya, kubwa, pale karibu na uwanja wa mariachi. Asubuhi ile watu waliotoka misa ya alfajiri niliwapa fulana, kila mmoja yake. Sikusema uongo hata neno moja, nilinyoosha mkono tu. Kufika mchana nusu ya mtaa ilikuwa imemvaa Ramiro: mawingu, njiwa, ile pua yake, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya jana.

Wageni wake wa maana walikuja na divai. Watu wetu walikuja na mishumaa, maua na masufuria ya tamale. Wale wenye magari yaliyoshushwa chini walipita polepole, taa zinawaka mchana kweupe, kama wanavyosindikiza jeneza. Mariachi nao na magitaa yao wakaanza wimbo wa kuaga. Ramiro alisimama mlangoni na suti yake nyeupe, anapiga kelele kwamba yu hai. Bi Chelo, ambaye macho yake hafifu unayajua, alimshika mkono akampa pole, akamuuliza yeye na marehemu walikuwa nani kwa nani. Ramiro akajibu kwamba marehemu ndiye yeye. Bi Chelo akasogea dirishani mpaka pua ikagusa kioo, akazitazama zile fulana za kuuza zilizotundikwa.

“Kama ni wewe, mwanangu,” akasema, “mbona Amparo umemfunga mdomo? Aliwahi kukutukana?”

Hapo ndipo wengi walipomtambua Amparo, mama yetu, kwenye zile fulana. Tamale zikafunikwa. Mishumaa waliyomletea Ramiro wakaipanga chini ya dirisha, mbele ya mama, na wale wa divai wakaanza kutafuta funguo za magari yao.

Alasiri Ramiro alikuja kwangu mwenyewe, na fremu ya wavu anayochapia sura ya mama kaishika mkononi. Aliniomba yaishe. Nikamwambia aiweke sinkini, afungue maji, asugue kitambaa, miwani na jina lake mpaka wavu ubaki mtupu. Alisugua huku analia. Sikumhurumia, na wala siombi radhi.

Sasa nikuungamie lililobaki. Watu wanadhani picha ya Ramiro niliitoa mtandaoni. Hapana, kaka. Aliyeniletea ni Bi Hermila, mama yake mzazi. Aliitoa ukutani sebuleni kwake, akaiweka juu ya meza yangu ya kuchapia.

“Mama yako ndiye aliyemnyonyesha huyu nilipokuwa nimelazwa,” akaniambia. “Mtie mawinguni.”

Akangoja wino ukauke, akaivaa fulana ya kwanza, na ndiye aliyetangulia kusimama nayo mlangoni mwa kanisa. Ndiyo maana hakuna aliyeuliza. Na Ramiro hakunyamazishwa na Bi Chelo wala na mishumaa. Alinyamaza alipomwona mama yake ng'ambo ya barabara, amevaa kifo chake, hamtazami.

Fremu yenye sura ya Ramiro mawinguni bado ninayo, iko juu ya rafu. Nimeziba tarehe ya jana tu, na mahali pake nimepaacha patupu kungoja nyingine. Anajua ipo.

Ndani ya bahasha hii utakuta fulana. Ni mama kama ulivyomchora wewe, nywele zimechanwa, uso wazi, jina lako chini ya shali. Ivae uende nayo kanisani, uwaambie huko ni nani. Watoto wanakusalimu, Bi Hermila naye anakusalimu, anauliza kama unakula vizuri. Nami nakuombea afya mpaka siku tutakayokaa tena meza moja.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Socorro